Rejesho la Wiki, Mavuno ya Msimu

Mkulima wa vitunguu saumu wa Daudi, wilayani Mbulu, hushika fedha baada ya zao kukaa shambani miezi minne au mitano. Afisa mikopo anataka rejesho kila wiki. Mkopo wa namna hiyo una kasoro tangu siku ya kusaini, hata bei isipoanguka. Kwa hiyo ukikwama, jambo la kwanza la kujadili ni ratiba.

Wengi huzima simu na kubadilisha njia ya kwenda mnadani. Mfuate mkopeshaji kabla ya tarehe, ukiwa na karatasi: ulikopa kiasi gani, umerejesha kiasi gani, unatarajia kuvuna lini, na kwa sasa unaweza kutoa nini. Omba muda urefushwe na adhabu isimame, kisha makubaliano mapya yaandikwe. Usitaje kiasi kikubwa ili kumfurahisha afisa. Ukishindwa mara ya pili, hatakusikiliza tena.

Ukiwa na madeni kadhaa na mbuzi mmoja wa kuuza, anza na linalokua haraka, yaani ile mikopo ya “kausha damu”. Laki tano kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi huzaa riba ya laki moja kila mwezi. Baada ya miezi sita umelipa laki sita, na laki tano yako bado unadaiwa. Benki Kuu iliweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wasiopokea amana. Kwa kiwango hicho, riba ya miezi sita ingekuwa 105,000 tu. Anayekutoza zaidi ya ukomo unaweza kumlalamikia kwa maandishi, na asipokujibu, upeleke malalamiko Benki Kuu.

Kukopa ili kulipa deni nakukataza, isipokuwa pale SACCOS yako inapokupa mkopo nafuu wa kufunga kausha damu moja kwa moja. Kikoba nacho usikitelekeze: waliokudhamini ni majirani, na hisa zako huenda zikapunguza deni.

Nyumba ya familia ni suala zito zaidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo mke ambaye hakushirikishwa ana hoja ya kisheria. Awahi kutafuta msaada wa kisheria, asingoje dalali afike.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope kutoka Mlima Hanang lilifunika nyumba na maduka Katesh. Dhamana ikisombwa, deni halisombwi nayo. Uliza leo kama mkopo wako una bima, na bima hiyo inalipa janga gani. Nyingi hulipa kifo au ulemavu, si shamba lililoharibika.

Ukimaliza rejesho la mwisho, usiondoke ofisini bila hati au kadi ya pikipiki uliyoweka dhamana, pamoja na barua ya kufunga deni.