Hela ya Kahawa: Ikae kwenye Simu, Kadi au Benki?

Malipo ya kahawa kupitia chama cha msingi siku hizi huingia benki. Ujumbe ukishafika kwenye simu, mkulima wa Kagoma, wilayani Muleba, anabaki na swali moja: hela hii itafikaje mkononi bila kumegwa njiani? Tawi la benki liko Muleba mjini au Bukoba, na safari yake ina nauli. Mawakala wa benki na wa simu wako jirani, senta, lakini nao wana makato yao. Halafu kuna kadi, zinazotangazwa kuliko zinavyotumika huku kwetu.

Kwa mahesabu yangu, hela haigharimu sana ikiwa ndani ya simu. Inagharimu inapotoka. Ada ya kutoa kwa wakala hupangwa kwa ngazi, na ngazi za chini ndizo zinazouma zaidi: anayetoa elfu tano leo na elfu tano kesho hukatwa sehemu kubwa zaidi ya hela yake kuliko anayetoa laki mara moja. Ndani ya ada hiyo serikali nayo imo. Ada ya msingi ya kuhamisha fedha ikiwa shilingi 1,000, ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 unaifikisha 1,100, kisha VAT ya asilimia 18 inaifikisha 1,298. Tusisahau pia Julai 15, 2021, ilipoanza tozo ya miamala, ya kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa kila muamala. Watu walipiga kelele, na Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Nataja hayo kwa sababu bei ya huduma hii haiamuliwi na mtandao peke yake, na kelele za watumiaji zimewahi kusikika.

Kijana aliye Dar es Salaam akimtumia mama yake fedha huongeza "na ya kutolea". Huo ni upendo, ila ni gharama mara mbili kwa hela ileile: ya kutuma na ya kutoa. Mama akinunua sukari na mafuta ya taa kwa lipa namba ya duka, ile ya pili inakwepeka. Makato ya lipa namba kwa kawaida ni madogo kuliko ya kutoa, na mara nyingi humwangukia muuza duka. Ndiyo maana wapo wenye maduka wanaokataa, au wanaopandisha bei kidogo. Ukiambiwa bei ya simu ni tofauti na bei ya taslimu, linganisha nyongeza hiyo na ada ya wakala kabla ya kukasirika.

Kuhusu mtandao gani ni bora, tofauti imepungua. M-Pesa ilianza nchini 2008, na kwa miaka kadhaa kila mtandao ulikuwa kisiwa. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel walikubaliana kutumiana moja kwa moja, na Vodacom ikajiunga 2016. Sasa Benki Kuu ina mfumo wake wa malipo ya papo hapo, TIPS, unaounganisha benki na mitandao. Kwa hiyo chagua mtandao ambao wakala wake hana tatizo la salio siku ya gulio, kisha soma jedwali la viwango lililobandikwa ukutani kwake.

Kadi ya malipo ya kabla, ile unayoipakia fedha kwanza ndipo uitumie, ina kazi yake. Mzazi anayelipia mtihani wa mwanawe kwenye intaneti, au mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Mutukula mara kwa mara, ataihitaji. Vodacom wana kadi ya Visa isiyo ya plastiki, namba tu, inayofungamana na pochi ya simu. Kabla ya kuchukua kadi yoyote ya aina hii uliza ada ya kuipata, ya kuipakia, ya kila mwezi kama ipo, na ya ATM. Uliza hasa wanabadili shilingi kwa kiwango gani, maana hapo ndipo ada hujificha. Kwa anayenunua bidhaa zake zote Kagoma na Kamachumu, sioni sababu ya kuilipia.

Je, hela iliyo kwenye simu iko salama? Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 imeiweka chini ya Benki Kuu ya Tanzania. Mtoa huduma lazima awe na leseni, na fedha za wateja zikae kwenye akaunti ya amana ya udhamini benki, mbali na fedha za kampuni. Akaunti hiyo huzaa riba, na riba hiyo ni ya wateja: Tigo walianza kuwagawia wateja wao mwaka 2014, kabla hata ya sheria. Kwa akaunti ya benki ya jina lako mwenyewe, Bodi ya Bima ya Amana hufidia hadi shilingi milioni 7.5 benki ikifilisika. Ndiyo sababu fungu kubwa la msimu ningeliacha benki, na kwenye simu nikaweka matumizi ya wiki.

Sheria haikukingi na mkono wako mwenyewe. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" bado unawaliza watu. Upeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli, kisha piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Mikopo ya simu naiogopa zaidi. Wahaya tunaijua butura, kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa kwa sababu ya shida ya leo. Mkopo wa programu usioeleza riba yake waziwazi ni butura ileile bila mti. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kabla ya kukopa, hakikisha mkopeshaji ana leseni.

Ukikatwa isivyo halali, tunza ujumbe wa muamala, anza na mtoa huduma na udai namba ya lalamiko. Akikaa kimya, kanuni za 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinakuruhusu kwenda Benki Kuu, ambayo kwa Kanda ya Ziwa ina tawi Mwanza.