Fundo la kanga, kadi na bangili: kwa nini pesa isiyoshikika hutoka haraka?

Bibi yangu kule Newala hana pochi. Pesa yake inakaa kwenye pindo la kanga, imefungwa fundo na kuchomekwa kiunoni. Ukimwomba hela ya maandazi, kwanza atakutazama. Kisha atalitafuta fundo, atalifungua taratibu, atakunjua noti, atahesabu. Katikati ya shughuli yote hiyo anaweza kubadili mawazo: "Si umekunywa chai sasa hivi wewe?" Basi, fundo linarudi kiunoni.

Sasa linganisha na mjomba wangu. Msimu wa korosho ulipoisha alikuja Dar es Salaam kututembelea, nikampeleka Kigamboni kwa kivuko. Pale getini niligusisha N-Card kwenye mashine, mara moja kwa ajili yake na mara moja kwa ajili yangu, tukapita. Tulipofika ng'ambo akaniuliza, "Nauli tunalipia wapi?" Nikamjibu tumeshalipa. Akashangaa: "Lini?"

Swali hilo la "lini" ndilo nataka tulijadili leo, maana kuna biashara kubwa duniani zimejengwa juu yake.

Bangili inayofungua kila kitu

Mwaka 2013, Walt Disney World, bustani kubwa za burudani zilizoko Florida, Marekani, zilianza kuwapa wageni bangili inayoitwa MagicBand. Ni ya mpira, inavaliwa mkononi kama saa. Ukiwa nayo unapita getini, unafungua mlango wa chumba cha hoteli, unaingia kwenye bembea uliyoweka nafasi, na unalipia chakula na zawadi kwa kugusisha mkono na kuingiza namba ya siri. Bili yote inakwenda kwenye kadi ya benki uliyoisajili. Mradi mzima uliripotiwa kugharimu takribani dola bilioni 1.

Inafanyaje kazi? Kanuni yake ni ileile ya kadi yetu ya kivuko. Ndani yake kuna chipu ndogo na waya mwembamba uliozungushwa kama koili. Sehemu hiyo haihitaji betri. Mashine ya kusomea hutoa uga wa sumaku unaobadilika mara milioni 13.56 kwa sekunde. Ukisogeza koili karibu, uga huo unazalisha umeme kidogo ndani ya waya, ile induksheni tuliyosoma kidato cha nne. Chipu inaamka na kutaja namba yake, na mashine inaipeleka namba hiyo kwenye kompyuta kuu, inayojua wewe ni nani na una nini. Pesa haimo ndani ya bangili. Kilichomo ni utambulisho wako.

Bangili ya Disney iliongezewa kitu kimoja: redio ndogo yenye betri, inayosomeka kutoka umbali wa mita kadhaa. Hiyo inawawezesha wenye bustani kujua watu wamejazana wapi na wapi pako wazi.

Urahisi ni wa kweli

Tusiwe wagumu, urahisi upo. Tufanye hesabu ya kudhania. Geti moja, mtu analipa kwa noti na kusubiri chenji: tuseme sekunde 20. Kwa saa moja watapita watu 180. Akigusisha kadi kwa sekunde 5, watapita 720. Geti ni lilelile, watu mara nne. Aliyewahi kwenda Uwanja wa Benjamin Mkapa siku ya Simba na Yanga anajua foleni ni nini, na anajua kwa nini tiketi zilihamishiwa kwenye N-Card. Kadi inapunguza pia tiketi bandia na pesa zinazopotea njiani kati ya mlangoni na benki.

Lakini foleni ikipungua, nani anafaidika? Mgeni anapata muda. Na mwenye bustani anajua kwamba mtu aliyesimama kwenye foleni hanunui kitu. Mtoe hapo, mwachie saa nzima ya kuzurura, atapita kwenye kofia, aiskrimu na midoli. Disney wenyewe walisema kwamba wakati wa Krismasi ya 2013 mfumo huu uliwawezesha kupokea takribani wageni 3,000 zaidi kwa siku katika bustani yao ya Magic Kingdom. Urahisi wa mgeni na mapato ya mwenyeji, hapo vinakwenda pamoja.

Maumivu ya kulipa

Wanasayansi wa tabia wana jina la kile anachokipata Bibi anapofungua fundo: maumivu ya kulipa. Siyo mzaha. Mwaka 2007, Brian Knutson na wenzake waliwapiga watu picha za ubongo wakiwa wanafanya manunuzi. Bei ikionekana kubwa kupita kiasi, sehemu ya ubongo iitwayo insula, inayohusishwa pia na hisia zisizopendeza, ilichangamka zaidi, na watu hao mara nyingi hawakununua.

Maumivu haya yana faida, yanafanya kazi kama breki. Noti zinayaongeza kwa sababu unaziona zikiondoka. Kadi inayapunguza. Katika utafiti maarufu wa mwaka 2001, Drazen Prelec na Duncan Simester waliwaambia wanafunzi wataje bei ambayo wangetoa kununua tiketi za mechi ya mpira wa kikapu. Walioambiwa watalipa kwa kadi ya mkopo walitaja bei iliyofika hadi mara mbili ya wale wa pesa taslimu. Tiketi zilezile.

Bangili inakwenda mbele zaidi. Kadi lazima uitoe mfukoni, bangili iko mwilini tayari. Na wazo hili lilitangulia chipu: kwenye hoteli za likizo za Club Med, wageni walivaa shanga shingoni na kulipia vinywaji kwa kuzichomoa moja moja. Ukiwa umevaa kaptula ufukweni, ushanga hauonekani kama pesa, unaonekana kama mchezo.

Tusitie chumvi, lakini. Mwaka 2024, watafiti wa Australia walikusanya matokeo ya tafiti 71 kutoka nchi 17. Walikuta ni kweli watu hutumia zaidi wanapolipa bila pesa taslimu, ila tofauti kwa wastani ni ndogo, na imekuwa ikipungua kadiri miaka inavyokwenda. Tunazoea. Tofauti ilijitokeza zaidi kwenye vitu vya kujionyesha, na starehe ndiyo nyumbani kwa vitu hivyo.

Hili linatuhusu vipi?

Newala hatuna bustani ya burudani. Ukitaka kupunga upepo unakwenda Shimo la Mungu kutazama bonde la Ruvuma, na hakuna wa kukuvisha bangili. Ila tuna kitu kinachofanya suala hili liwe zito kuliko kwa mtalii wa Florida: pesa ya msimu. Korosho inauzwa kwa mnada, malipo yanaingia benki, na mengi yanahamia kwenye simu. Pesa hiyo inaingia ndani ya miezi michache, na inatakiwa ifike msimu mwingine ikiwa na ada za shule na dawa ya kupulizia mikorosho ndani yake. Kwa mtalii, kutumia zaidi kidogo ni kero ya mwisho wa likizo. Kwa mkulima ni mtoto kurudishwa nyumbani.

Sisemi turudi kwenye noti. Kutembea na fungu la pesa kwenye basi kuna hatari zake. Ninachosema ni kwamba mfumo ukikuondolea breki, weka ya kwako. Tia kwenye kadi au simu kiasi cha siku hiyo tu, kingine kiache kwenye akaunti isiyofikika kwa kubonyeza mara mbili. Soma ujumbe wa salio kila unapolipa, usiufute tu. Na ukipewa kadi au bangili ya kujaza pesa kwenye tamasha, uliza kabla hujajaza: salio likibaki, nalirudishiwa wapi?

Mjomba alipoelewa habari ya kivuko aliniomba nimwonyeshe salio lililobaki. Akaliangalia, akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe inatoka kweli."