Gari Lililozimwa Halijalala

Fika gereji yoyote ya mtaani, iwe Gerezani kule Dar es Salaam au Grogan jijini Nairobi, utamkuta kijana amelala chali chini ya gari, miguu iko nje, kandambili kazivua kaziweka pembeni. Gari limeinuliwa kwa jeki moja. Ukimuuliza kama haogopi, atakujibu bila kutoa kichwa: gari limezimwa, ufunguo ninao mfukoni, litanifanya nini?

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Nimefundisha vijana ufundi wa magari kwa miaka mingi, na injini inayonguruma si kitu kinachonikosesha usingizi. Injini ikinguruma, kila mtu ana adabu. Anachomekea shati, anaukwepa mkanda wa feni, anasogeza mtoto. Kinachonitisha ni nguvu iliyofungiwa mahali ikatulia: uzito ulioning'inizwa, upepo ulioshindiliwa, maji yaliyozuiwa yasichemke, umeme uliowekwa akiba. Nguvu hizo hazijui habari za ufunguo.

Chukua hiyo jeki. Ndani yake mna mafuta kidogo tu, hayafiki glasi moja, na kinachoyazuia yasikimbie ni raba ya duara nyembamba kuliko bangili. Raba ikizeeka, au chembe ya mchanga ikiikwaruza, mafuta yanapata njia na gari linashuka, pengine taratibu, pengine kwa mkupuo. Toyota Noah ina uzito unaokaribia tani moja na nusu. Watu hudhani aliyeangukiwa na gari hufa kwa kuvunjika mifupa, kumbe mbavu zinaweza kubaki nzima. Kifua kikibanwa kisiweze kutanuka, hewa haiingii, na dakika chache zinatosha.

Jeki imetengenezwa iinue. Kazi ya kushikilia ni ya stendi, kile kifaa cha chuma chenye miguu kinachotegwa chini ya chasisi au ekseli. Gereji isiyo na stendi hukimbilia tofali la saruji, na hapa naomba nisikilizwe vizuri, kwa sababu tofali linaonekana la kuaminika. Ukutani limebeba nyumba! Ila ukutani mzigo umetandazwa juu yake lote. Chini ya gari, chuma kinalikanyaga kwa ncha, na tofali halina tabia ya kupinda kwanza likuonye, linapasuka. Gogo la mti mgumu ni bora kuliko tofali mara nyingi. Lile tairi la akiba linalolazwa chini ya chasisi nalo si upuuzi, maana jeki ikisaliti linaacha upenyo. Lichukulie kama mlinzi wa pili, stendi ikiwa wa kwanza. Weka kabari kwenye magurudumu yaliyobaki chini, kisha, kabla hujaingia, simama kando ulisukume gari kwa nguvu. Kama lina nia ya kuanguka, lianguke wewe ukiwa umesimama.

Huko barabarani, kwa mafundi tairi wa malori kama wale wa Chalinze, hesabu ni nyingine. Tairi la gari dogo hujazwa paundi 30 hivi kwa kila inchi ya mraba. La lori hufika 100 na kupita. Chukua rimu ya inchi 20 uzidishe eneo lake kwa paundi hizo 100, utapata msukumo wa zaidi ya tani 14 unaotafuta pa kutokea. Rimu za kizamani zina pete ya chuma inayobana tairi upande mmoja. Pete hiyo isipokaa sawasawa kwenye mfereji wake, msukumo wote huo unaigeuza kombora. Ndiyo maana tairi la lori hujaziwa ndani ya kizimba cha vyuma, kwa mpira mrefu wenye kibanio, fundi akiwa amesimama mbali, upande wa kashata za tairi na si usawa wa rimu. Kuigonga pete kwa nyundo huku upepo unaingia ni kucheza na kaburi. Na tairi lililotembea umbali mrefu likiwa na upepo mdogo huenda nyuzi zake za chuma zimeshakatika ndani, ingawa nje linapendeza. Likijazwa tena, ubavu wake unaweza kufumuka. Toa upepo wote kabla ya kulegeza nati yoyote ya rimu, usiridhike kwa kupunguza tu.

Rejeta nitaipitia haraka, maana kila mtu ana shangazi aliyewahi kuungua nayo. Mimi mwenyewe nina kovu kwenye mkono wa kulia tangu nikiwa saidia fundi. Mfuniko wa rejeta haupo kwa ajili ya vumbi. Unabana mvuke ili maji yafike karibu nyuzi 120 za Selsiasi bila kuchemka. Ukiufungua, kibano kinaondoka na maji yote yanachemka kwa mara moja, yanakurukia usoni. Nairobi, ambako kwa sababu ya mwinuko maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, mshindo unakuwa mkali zaidi. Tambara halisaidii. Subiri mpaka uweze kuukamata mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja bila kuuachia.

Sasa kuna jeraha moja ambalo nataka hata asiyejua spana alifahamu, kwa sababu linaua kidole au mkono wa mtu kimyakimya. Injini nyingi za kisasa za dizeli zina reli moja inayogawa mafuta kwa nozeli zote, na ndani yake mafuta hukandamizwa hadi bar 1,600 na zaidi. Tairi la gari lako lina bar 2. Kwa hiyo tunazungumzia mara 800. Bomba likipata ufa mwembamba kama unywele, dizeli inatoka kwa kasi inayotoboa ngozi, na huioni ikitoka. Fundi anasikia harufu, anapitisha kidole kutafuta linapovuja. Anahisi kama ameumwa na siafu. Anatazama: kitundu kidogo, hakuna damu ya maana, hata maumivu hayajafika. Anafuta mkono, anaendelea na kazi. Usiku kidole kinavimba, kinabadilika rangi, kwa sababu dizeli imesambaa kwenye mishipa na kano na inaiua nyama. Tiba yake ni upasuaji, na kila saa inayopotea inamsogeza kwenye kukatwa kidole. Vidonge vya maumivu vya duka la dawa havina nafasi hapa. Aende hospitali saa hiyohiyo na aseme wazi: dizeli imeingia mwilini kwa kusukumwa na pampu. Asiposema hivyo, anaweza kufungwa plasta na kurudishwa nyumbani. Na uvujaji hutafutwa kwa kipande cha katoni, injini ikiwa imezimwa kabla mkono haujasogea.

Betri nayo, inapochajiwa, hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja. Ndiyo sababu ya ile kanuni ya kufungua waya wa hasi kwanza na kuurudisha mwisho. Ukianza na chanya, spana yako ikigusa bodi umepiga shoti pale pale juu ya gesi. Vua pete na saa ya chuma. Tindikali ikiruka jichoni, maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha daktari.

Kuhusu petroli nina ugomvi wa miaka na wanafunzi wangu. Wanainyonya kwa mpira, wananawia mikono, wanaoshea vyuma. Anayeinyonya ikampitia njia ya hewa hupata kichomi cha kemikali mapafuni. Asitapishwe, maana kutapika huipitisha huko mara ya pili. Ndani yake mna benzeni, ambayo huhusishwa na saratani ya damu kwa wanaoigusa na kuivuta miaka nenda rudi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni, hukusanyika kwenye shimo la ukaguzi, na huko humsubiri jirani anayechomelea geti. Sabuni ya unga na mafuta ya kula kidogo hutoa grisi mikononi vizuri tu. Wananicheka, lakini wakijaribu hunyamaza.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, Kenya ina yake ya 2007, na zote zinamtwika mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi. Sasa niambie, mwajiri wa kijana wa spana chini ya mwembe ni nani? Fundi mkuu anasema huyo anajifunza. Mwenye kiwanja anasema yeye anapokea kodi tu. Anayebaki ni wewe mwenye gari, na wewe huna habari kwamba umo kwenye ajali hizi.

Umo. "Bosi, hebu nipigie stata," sauti inatoka chini ya boneti, nawe unapiga. Je, sauti ilikuwa ya nani? Mwingine yuko wapi? Gia iko kwenye namba ngapi? Vidole vimekatwa na feni kwa neno moja lililosikika vibaya. Kwenye gereji ninayosimamia, ufunguo anakaa nao yule aliye mahali pabaya zaidi, na hakuna anayewasha mpaka yeye mwenyewe atoke aukabidhi mkononi.

Magari ya haibridi yameuvuruga utaratibu huo. Prius au Aqua ikiwa tayari kwenda haitoi sauti yoyote, na injini inaweza kujiwasha yenyewe wakati umeinamia. Betri kubwa ya Aqua ina volti 144, ya Prius nyingi zinazouzwa mitumba ni takriban 200, na mfumo huzipandisha hadi 500 na kupita. Nyaya zake ni za rangi ya machungwa. Hizo hazishikwi na fundi ambaye hajazisomea.

Aliyezisomea utamtambua. Ufunguo anauweka mbali na gari. Anaifungua betri ndogo. Anavaa glavu za raba za volti 1,000, ila kwanza anazikunja kuanzia kiwikoni ili hewa ijae vidoleni, anazisogeza sikioni asikilize kama kuna tundu. Anachomoa plagi ya usalama ya betri kubwa na kuitia mfukoni mwake, asije mtu akairudisha. Halafu anavuta kiti anakaa, kwa sababu kapasita zina umeme wake na zinahitaji dakika 10 zijimwage. Hapo ndipo mwenye gari anapotazama saa yake na kusema, "Fundi, mbona umekaa?"