Aliyelia Hakuomba Mstari

"Mtu mwenye msongo wa mawazo apewe mstari gani?" Hakuna semina ya viongozi wa jumuiya inayokosa swali hili, na washauri wa kichungaji wamechoka nalo. Muulizaji anatafuta la kusema kabla hajajua mwenzake ana nini.

Mtumba, Dodoma, inalijua jambo hili. Tangu Mji wa Serikali uzinduliwe huko Aprili 2019, wapo watumishi wanaoishi Dodoma huku familia zao zikiwa Dar es Salaam. Baada ya ibada ya mchana, mmoja wa hao anajikaza na kumwambia mzee wa kanisa, "Mzee, siku hizi silali." Hajameza mate, jibu limeshafika: "Pole, kijana wangu. Mungu ni mwaminifu. Shika Zaburi ya 23 asubuhi na jioni." Anaitikia "Amina", anachukua begi lake na kurudi ofisini. Mzee anaamini amehudumu, wala hajui kama kinachomkosesha kijana usingizi ni deni, ugonjwa au ndoa inayovunjika.

Imani kwamba mstari mzuri huponya hata pale mwenye shida hakusikilizwa imeota mizizi makanisani. Ing'olewe, kwa kuwa Biblia yenyewe inaikataa. Elifazi, Bildadi na Sofari walikaa chini na Ayubu siku 7, usiku na mchana, kimya. Hapo walifanya vema. Walipofungua vinywa wakamwaga mafundisho, mengi yakiwa ya kunukuliwa mimbarini. Ukifika sura ya 42, Mungu anawakasirikia. Katika Marko 5, Yesu anaitwa kwa binti wa Yairo aliye mahututi, lakini anasimama njiani mpaka mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 aeleze habari yake yote. Mwanamke huyo ameshapona, na bado anasikilizwa! Upofu wa Bartimayo kila mtu aliuona, ila katika Marko 10 Yesu anamuuliza kwanza anataka afanyiwe nini.

Mchungaji Mjerumani Dietrich Bonhoeffer, aliyenyongwa na utawala wa Hitler mwaka 1945, alilisema wazi katika kitabu chake cha 1939 kuhusu maisha ya pamoja ya Wakristo: huduma ya kwanza tunayodaiwa na ndugu zetu ni kuwasikiliza. Kumtangazia mtu Neno alikuweka nyuma ya kumsikiliza, kumsaidia na kumchukulia mizigo.

Wengine husema hawana muda. Huko Basel, Uswisi, madaktari waliwaacha wagonjwa 335 waeleze shida zao bila kukatizwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kuwa kwa wastani walimaliza kwa sekunde 92. Pambio moja la kwaya huchukua muda mrefu kuliko huo.

Basi, zima simu. Keti. Mwache amalize, hata akinyamaza katikati. Rudia kwa ufupi ulichosikia, akusahihishe. Muulize anataka asaidiwe nini. Usiigeuze siri yake kuwa ombi la jumuiya. Akitaja kujiua, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali, na ile ya afya ya akili ya Mirembe ipo hapohapo Dodoma. Akieleza kupigwa nyumbani, msindikize dawati la jinsia polisi. Kisha ombeni pamoja, akiridhia.

Jumuiya zinazoandaa semina ziondoe orodha ya mistari kwenye ratiba, na saa hiyo watu wakae wawili wawili: mmoja aeleze, mwenzake asikilize.