Nadharia Zilizo Nje ya Silabasi: Zitumikeje Katika Insha za Mtihani?

Kila muhula unapokaribia kwisha, wanafunzi wetu wanaosoma Kiswahili pamoja na sosholojia hutuuliza swali lilelile: je, nadharia ambayo haikufundishwa darasani inaruhusiwa katika insha ya mtihani? Jibu letu ni kwamba inaruhusiwa, ila sharti ifanye kazi. Jina la mtaalamu peke yake halina alama.

Tuchukue swali la kawaida: "Jadili nafasi ya shule katika jamii." Aghalabu mihadhara huanza na Émile Durkheim, aliyeiona shule kuwa chombo cha kuwaunganisha vijana chini ya maadili ya pamoja, kisha hugusia wafuasi wa Marx. Sasa tuseme mtahiniwa amesoma maktabani kuhusu Pierre Bourdieu ambaye, pamoja na Jean-Claude Passeron, alichapisha kitabu La Reproduction huko Ufaransa mwaka 1970. Hoja yao ni kwamba shule hutuza lugha na mwenendo ambao watoto wa wenye nacho huja nao kutoka nyumbani, yaani mtaji wa kitamaduni, kisha hukiita kitu hicho kipaji.

Hapa Uganda hoja hiyo ina mashiko. Mtaala ulioanza mwaka 2007 uliagiza madarasa ya P1 hadi P3 yafundishwe kwa lugha ya eneo, ilhali mtihani wa kumaliza shule ya msingi huandikwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Kampala aliyelelewa kwa Kiingereza na mwenzake wa kijijini Busoga hawaanzi mbio mahali pamoja. Mtahiniwa akionyesha kwamba maelezo ya Durkheim hayaifikii tofauti hii, amejenga hoja. Lakini asiishie hapo. Bourdieu alichunguza Ufaransa, ambako lugha ya shule ndiyo lugha ya taifa. Kwetu ilitoka nje, na hata wazazi wengi wenye uwezo waliipata darasani. Aya hiyo ya uhakiki ndiyo tunayoitafuta tunaposahihisha, na ndiyo inayokosekana mara nyingi.

Wapo wanaomtaja Bourdieu, kisha Foucault, Giddens na Habermas katika aya moja. Karatasi za namna hiyo husomeka kama orodha ya wageni wa heshima arusini.

Swali likisema "Kwa kutumia nadharia ya uamilifu", jibu kwa uamilifu. Nadharia ya nje iingie mwishoni tu, kwa sentensi mbili tatu, kama kipimo cha udhaifu wake. Ifafanue pia, kwani msahihishaji huenda hajaisoma.

Halafu kuna saa ya ukutani. Mtihani wa saa tatu wenye maswali manne hukupa dakika 45 kwa kila swali. Ikiwa unahitaji dakika 15 kuieleza nadharia kabla hujaligusa swali, iache nyumbani.