Gesi ya Songo Songo na Moshi wa Jikoni: Nani Hulipia Nishati Safi Wilayani Kilwa?

Tangu mwaka 2004, gesi asilia ya Kisiwa cha Songo Songo hupita chini ya bahari kwa kilomita 25 hivi, huibuka nchi kavu Somanga, kisha huendelea kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200 hadi Dar es Salaam. Huko huzalisha umeme na kuendesha viwanda. Katika safari hiyo hupita jirani na vijiji ambavyo chakula cha jioni bado huinjikwa juu ya mafiga matatu, kwa kuni zilizokatwa porini na kubebwa kichwani. Si ajabu, basi, mwananchi wa Kilwa akiuliza: gesi inatoka kwetu, kwa nini mtungi tuununue kwa bei ile ile ya wengine, na kwa nini jirani aliyepewa mtungi kwa nusu bei amerudi kwenye kuni?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake lina sehemu mbili. Ya kwanza inahusu gesi yenyewe. Ya pili inahusu fedha: nani hulipa nini ili moshi utoke jikoni, na ni malipo gani yanayobaki mikononi mwa kaya baada ya ruzuku kwisha.

Gesi mbili zisizofanana

Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, karibu yote ni methani. Methani ni nyepesi kuliko hewa, na haigeuki kuwa kimiminika kwa kushindiliwa tu ndani ya mtungi wa jikoni. Ili iwe kimiminika ni lazima ipozwe hadi nyuzijoto 160 hivi chini ya sifuri. Kwa sababu hiyo njia yake ya kawaida ya kufika jikoni ni bomba.

Gesi ya mitungi ni kitu kingine. Ni mchanganyiko wa propani na butani, ambazo hugeuka kuwa kimiminika kwa mgandamizo mdogo na hivyo hubebeka kwa gari, pikipiki au mashua. Gesi ya Songo Songo ina kiasi kidogo mno cha propani na butani. Ndiyo maana Tanzania, pamoja na utajiri wake wa gesi asilia, huagiza gesi ya mitungi kutoka nje kwa meli. Bei ya mtungi unaouzwa Kilwa Masoko au Njinjo hubeba ndani yake bei ya soko la dunia, nauli ya meli, na gharama ya lori kutoka Dar es Salaam.

Kufikisha gesi asilia majumbani kunawezekana, lakini kunahitaji kituo cha kupunguza mgandamizo, mabomba madogo ya mitaani na mita katika kila nyumba. Gharama hiyo huwa nafuu pale nyumba zinapokuwa karibu karibu. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) limeunganisha nyumba katika sehemu za Dar es Salaam na Mtwara, na mradi unaofadhiliwa na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umeelekezwa Mnazi Mmoja mkoani Lindi na Mkuranga mkoani Pwani. Kwa vijiji vyenye nyumba zilizotawanyika, kama vilivyo vingi vya Kilwa, mtungi, umeme na jiko banifu vitatangulia bomba kwa muda mrefu.

Moshi unagharimu nini

Kuni za kuokota huonekana kuwa za bure kwa sababu hakuna anayezilipia dukani. Gharama yake hulipwa kwingine. Moshi wa kuni hubeba chembechembe ndogo mno zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuingia katika damu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwamo vya watoto zaidi ya 237,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano. Kwa Tanzania, takwimu zinazotumiwa katika mipango ya Serikali hutaja vifo zaidi ya 33,000 kila mwaka. Wanaokaa karibu zaidi na moto ni wanawake, watoto wadogo wanaobebwa mgongoni, na wale wanaochemsha dagaa au kukaanga samaki kwa biashara.

Mkaa hutoa moshi mdogo kuliko kuni, lakini hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyoonekana wala kunuka. Jiko la mkaa likiingizwa katika chumba kilichofungwa linaweza kuua watu waliolala. Tena, tanuri la kienyeji hutumia kilo nyingi za miti ili kutoa kilo moja ya mkaa. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, safari ya kwenda Dar es Salaam ilifupika, na soko kubwa la mji huo likasogea karibu na misitu ya Kilwa. Vijiji vya wilaya hii vyenye misitu ya hifadhi ya vijiji, ambavyo hupata mapato kwa kuvuna mpingo na miti mingine kwa utaratibu, vina sababu ya ziada ya kutaka mahitaji ya mkaa yapungue.

Fedha zinatoka wapi

Tarehe 8 Mei 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034. Lengo lake ni kuwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Siku chache baadaye, mkutano uliofanyika Paris kuhusu nishati safi ya kupikia barani Afrika, ambao Rais alikuwa mmoja wa wenyeviti wake, ulitoa ahadi za dola za Marekani bilioni 2.2 kwa bara zima.

Ahadi za kimataifa na mikakati ya taifa humfikia mwananchi kupitia njia chache zinazojulikana. Kubwa miongoni mwake ni Mfuko wa Nishati Vijijini, ulioanzishwa kwa Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 na kusimamiwa na REA. Mfuko huo hupokea fedha za bajeti ya Serikali, tozo zilizomo katika mafuta na umeme, na michango ya washirika wa maendeleo. Hivyo basi, anayenunua petroli ya bodaboda au luku ya nyumbani tayari amechangia.

Kutoka katika njia hiyo ulitokea mradi wa mitungi ya kilo 6 iliyouzwa kwa ruzuku ya asilimia 50. Mitungi zaidi ya 450,000 ilipangwa nchini kote, na mgawo wa kila wilaya ulikuwa 3,255. Mnunuzi alitakiwa kuonyesha kitambulisho cha Taifa au namba yake, ili mtu mmoja asichukue mitungi mingi. Katika wilaya yenye makumi ya maelfu ya kaya, mgawo huo ni mwanzo tu, wala haukukusudiwa kumfikia kila mtu.

Mtungi wa pili ndio mtihani

Ruzuku hiyo ilipunguza bei ya kuanza: mtungi, kichomeo na gesi ya mara ya kwanza. Haikulipia gesi ya mara ya pili. Hapo ndipo kaya nyingi hukwama, na sababu zake ni mbili.

Ya kwanza ni mpangilio wa fedha. Kilo moja ya gesi hufanya kazi inayokaribia ile ya kilo tatu hadi nne za mkaa katika jiko la kawaida. Kwa hesabu hiyo, mtungi wa kilo 6 hushindana na mkaa wa kilo 20 hivi. Lakini mkaa hununuliwa kwa kopo, fedha kidogo kila siku, ilhali gesi hudai fedha zote kwa mara moja. Kaya inayotoa shilingi 1,000 za mkaa kila siku hutoa shilingi 30,000 kwa mwezi bila kuziona zikikusanyika. Kwa kaya inayookota kuni, hakuna hata hiyo shilingi 1,000 ya kuhamisha. Kinachookolewa ni muda na nguvu za mwanamke, na hivyo havilipi duka la gesi.

Ya pili ni umbali. Mtungi ukiisha katika kijiji kisicho na wakala, mwenye nao hulipa nauli ya pikipiki kwenda na kurudi. Masika huongeza uzito. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilipokata barabara kuu kati ya Somanga na Mtama, malori hayakupita, na gesi husafiri kwa barabara hiyo hiyo.

Tatizo la kwanza linapata nafuu katika vikundi. Akiba ya kila wiki katika kikoba, iliyotengwa kwa gesi pekee, hugeuza malipo makubwa kuwa madogo. Zipo pia mita zinazomwezesha mteja kulipia gesi kidogo kidogo kwa simu. Teknolojia ya aina hiyo ilibuniwa Dar es Salaam kabla ya kuenea Kenya.

Tatizo la pili linahitaji mtaji wa wakala wa kijijini, na hapa halmashauri ina chombo chake yenyewe. Sheria inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani yasiyolindwa kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba mkopo ili kufungua duka la kubadilishia mitungi, kutengeneza majiko banifu au kuuza mkaa mbadala. Miongoni mwa mapato ya ndani ya Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa umo ushuru wa huduma unaotokana na gesi ya Songo Songo. Kwa njia hiyo, gesi isiyofika kijijini kwa bomba inaweza kufika kwa sura ya mtaji.

Njia nyingine za jikoni

Nishati safi si gesi peke yake. Kaya yenye umeme inaweza kutumia sufuria ya umeme ya shinikizo, ambayo hupika maharage kwa takribani nusu uniti. Mteja wa matumizi madogo wa kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, hadi uniti 75 kwa mwezi. Zikizidi, bei hupanda, hivyo inafaa kuangalia mita.

Jiko banifu haliondoi moshi wote, lakini hupunguza kuni na mkaa unaotumika, na linafaa pale ambapo gesi na umeme bado ni ndoto. REA hutoa ruzuku kwa majiko hayo pia. Kwa wafugaji, kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na maji katika mtambo wa bayogesi hutoa moto wa kupikia, na masalia yake hurutubisha shamba.

Shule na taasisi nyingine zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilielekezwa na Serikali kuacha kuni na mkaa ifikapo mwaka 2024. Kwa shule, gharama kubwa ni ya kujenga mfumo: matangi, majiko na jiko lenye hewa ya kutosha. REA imegharimia mifumo ya aina hiyo katika taasisi kama Jeshi la Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Hata hivyo, kamati ya shule inapopanga inapaswa kuweka katika bajeti ya chakula fedha za kujaza gesi kwa mwaka mzima. La sivyo tangi tupu litarudisha kuni jikoni, kama ilivyo kwa mtungi wa nyumbani.

Mambo ya kuzingatia

Anayenunua gesi anayo haki ya kupimiwa mtungi mbele yake. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Uzito wa jumla ukitolewa huo, zibaki kilo 6. Lakiri iwe haijaguswa. Kwa kuwa gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hukaa sakafuni. Harufu ikisikika, fungua milango, funga vali, usiwashe kiberiti wala swichi ya taa.

Vikundi vinavyotaka mkopo vianze kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Serikali za vijiji, kwa upande wao, zinaweza kuorodhesha kaya zenye mitungi na kueleza mahali ilipo karibu zaidi ya kubadilishia. Orodha hiyo itaonyesha vijiji vinavyohitaji wakala kwanza, na itasaidia kujua, ruzuku ijayo itakapofika, ni kaya ngapi zilizopata mtungi na ni ngapi ambazo bado zinapikia mtungi huo.