Kipimo cha Dawa Kimeandikwa Wapi?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama mwenye kuchota maji Kalundu ao Kavimvira, habari hii inahusu karatasi iliyopigwa misumari ukutani mwa zahanati yetu. Usiipite.

Unajua kwamba kolera haijatuacha sisi watu wa Uvira. Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika, watu walikufa, nyumba zilikwenda na maji, mitambo ya REGIDESO ikaharibika, na wengi wakarudi kuchota ziwani. Ndiyo sababu kila kambi inahitaji karatasi ya maagizo: kloro kiasi gani, chumvi na sukari kiasi gani.

Karatasi ya kwanza niliiandika mimi, na niliiandika vibaya. Mahali pa kipimo cha kloro niliweka anwani ya intaneti tu. Nilifikiri: hivyo maagizo yatakuwa mapya sikuzote. Usiku mmoja mlinzi akaleta mgonjwa anayehara na kutapika. Nikafungua simu, ukurasa haukuwapo. Nilipima kwa kichwa. Bahati nzuri kichwa kilikumbuka.

Jambo hili si la zahanati yetu peke yake. Mwaka 2014 watafiti wa Harvard, Marekani, walionyesha kwamba karibu nusu ya anwani za intaneti zilizotajwa katika hukumu za Mahakama Kuu ya nchi yao hazimfikishi tena msomaji kwenye maneno yaliyotajwa.

Hatari ya pili naiogopa zaidi: anwani inabaki, maneno yanabadilika. Chukua unga wa SRO tunaomkorogea mwenye kuhara. Zamani lita moja ilipata chumvi gramu 3.5 na glukosi gramu 20. Mwaka 2002 Shirika la Afya Ulimwenguni na UNICEF walitangaza kipimo kipya: chumvi gramu 2.6, glukosi gramu 13.5. Ni kizuri kuliko cha kwanza, kinapunguza kutapika. Lakini karatasi ikisema tu «fuata kipimo cha Shirika», utafuata kipi?

Anwani ni kama gati. Mtumbwi uliofungwa Kalundu leo, kesho uko Baraka. Anayeutafuta huuliza jina lake. Basi uliza maandishi yana jina, toleo na mwaka. Hata wenye kutunga kanuni za intaneti yenyewe wanafanya hivyo: tangu 1969 hati zao ziitwazo RFC zina namba, na hati ikiisha kutolewa maana yake haibadilishwi, wakitaka kuibadili, hutoa nyingine yenye namba nyingine. Mwongozo wa maji ya kunywa wa Shirika nao hutaja toleo la nne, 2011, lenye nyongeza za 2017 na 2022. Huo naweza kuutaja. Ukurasa usio na mwaka siutaji, hata ukipambwa na picha ya daktari mwenye koti jeupe.

Karatasi mpya iko ukutani sasa, vipimo vimeandikwa kwa wino. HTH ya asilimia 70: gramu 7 kwa lita moja kwa kuosha sakafu na vyoo, kwa kunawa mikono, gramu 0.7. Nyumbani, paketi ya SRO ikikosekana: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko kidogo, na mgonjwa aletwe upesi. Chini kuna jina la mwongozo, toleo, mwaka, na siku niliyousoma. Nakala yake nzima imo katika sanduku la dawa, nami nauangalia upya kila Januari.

Kama ndoo yako ya HTH inaonyesha asilimia nyingine kuliko 70, usipime kwanza. Niletee ndoo nikuhesabie.